Vikasuku Katika Chumba cha Mama

Koboko, 5 Februari 1989

Kwa mdogo wangu Paska, Pajulu.

Salamu kutoka nyumbani. Sisi ni wazima, natumaini na nyinyi pia, wewe na shemeji Asiku na watoto. Wifi yako Rosa anakusalimia sana. Muhogo umeota vizuri kuliko mwaka jana. Mama yuko.

Sasa jambo lenyewe. Tulipokuwa tunajiandaa kutoka Yei kurudi Uganda, mzungu mmoja aliyekuwa anakwenda kwao aliniachia tundu la vikasuku, vile vidogo vyenye kelele kama watoto wa darasa la kwanza. Nilivibeba kichwani mpaka Kaya, pale mpakani, na hakikufa hata kimoja. Sasa ni saba, majike manne na madume matatu, na nataka wazae.

Iko sababu. Bwana wa mabati, yule wa shirika linalogawa mabati kwa watu waliorudi kutoka uhamishoni, alipita hapa akaviona. Alisimama mbele ya tundu robo saa nzima akivipigia mluzi. Akasema vikizaa anataka jozi moja kwa baraza ya nyumba yake huko Arua. Unajua sisi askari wa zamani hatukuandikwa kwenye orodha ya mabati. Lakini mutu akipigia ndege mluzi namna ile, hawezi kumsahau mwenye ndege.

Nimepiga masanduku matatu ya kutagia kwa mbao za makasha ya sabuni, kila moja lina mlango wa mviringo. Nimeyatundika kwa cheo, kama kambini: la juu la sajenti, la katikati la koplo, la chini la kuruta. Nimewapangia mwenyewe nani akae wapi, na asubuhi naita majina. Hawatii. Majike yote manne yanataka sanduku la sajenti. Juzi mmoja ametoka damu mguuni. Niliwanyima chakula nusu siku, wakazidi.

Wewe ulifanya kazi miaka mitatu kwa yule mwalimu mzungu kabla hujaolewa, ulikuwa unasafisha matundu yake. Leta maelekezo. Andika kwa namba ili nisichanganye.

Kaka yako,
Lomoro Soka, koplo mstaafu


Pajulu, 21 Februari 1989

Mpendwa kaka Lomoro,

Barua yako nimeipata kwa Yugu mchuuzi, imelala na samaki wake wakavu siku tisa, kwa hiyo paka ameisoma kabla yangu. Sisi tuko salama. Victoria ameanza shule na tayari anatusahihisha. Mindra anaota meno na usingizi ameupiga marufuku, wake na wangu. Asiku amevuna tumbaku, anaianika kwa ndugu yake Dramadri.

Umetaka namba, lakini mtoto yuko mgongoni ananitafuna nywele, nitaandika kama yanavyokuja.

Kaka, ndege hajui cheo. Jike la kikasuku linajua kitu kimoja: sanduku la juu ndilo zuri. Umeyapanga kwa ngazi halafu unashangaa wote wanapanda ngazi. Hata wewe miaka tisa kambini ulikuwa koplo unalitazama sanduku la sajenti, na hukulipenda la kwako. Yatundike yote kimo kimoja, yawe sawa kwa ukubwa, sawa kwa mlango. Na matatu hayatoshi. Yule mwalimu alikuwa akiwa na jozi tatu anaweka masanduku matano, ili anayefukuzwa apate pa kwenda badala ya kukaa mlangoni anapigana. Yatundike siku moja yote. Ukitundika moja leo na jingine kesho, umewaita vitani mara mbili.

Jambo kubwa kuliko yote ni yule jike wa nne. Tazama pua juu ya mdomo: dume ni buluu, jike ni kahawia. Hesabu tena. Kama ni kweli majike ni manne na madume matatu, basi yuko mmoja hana mume, na huyo ndiye shari yote. Asiye na mwenzake haketi. Anapita mlango kwa mlango, anaingia kwa wenzake, anamwaga mayai, anauma vifaranga. Mtoe kwanza, kabla ya kitu kingine chochote, umweke kwenye tundu lake peke yake mbali na masanduku. Usimhurumie.

Adhabu ya chakula acha. Wape uwele na maganda ya mayai yaliyosagwa. Na gwaride la asubuhi acha pia, jike anayelalia hataki kuitwa jina.

Umeandika "Mama yuko." Hata mlima Liru uko. Yuko vipi? Kikohozi kilipona? Na tundu umeliweka wapi ndani ya nyumba?

Mdogo wako,
Paska


Koboko, 2 Aprili 1989

Kwa Paska.

Salamu. Nimechelewa kwa sababu ya kulima. Sisi wazima.

Ripoti ya masanduku. Sasa ni matano, kimo kimoja, nimepima kwa kamba. Nimeandika namba juu ya kila mlango kwa rangi nyeupe, hilo hukulikataza. Vita imepungua nusu. Majike mawili yametaga, mmoja mayai matano, mwingine manne.

Yule jike asiye na mume ni kweli yuko, nimetazama pua. Ni yule wa manyoya ya buluu. Bado sijamtoa. Tatizo ni hili: bwana wa mabati alipita tena, akamnyooshea kidole huyo huyo, akasema ndiye mzuri kuliko wote. Huwezi kumfunga mahabusu mutu ambaye mkubwa amempenda.

Rosa anasema kelele zinamuumiza kichwa. Nyumba ina maneno maneno siku hizi, ya chumvi na ya kuni, mambo ya wanawake, usiyajali. Ushauri wako ni mzuri, naona unafaa hata katika mambo mengine.

Mama anakusalimia.

Lomoro


Pajulu, 20 Aprili 1989

Mpendwa kaka,

Tunashukuru Mungu, tunaamka. Mindra amepata meno mawili na ameyajaribu kwangu. Asiku anakusalimia, anasema ukija ulete mbegu za simsim.

Yule wa buluu mtoe. Sitaandika mengi juu ya hilo. Vifaranga vikitoka huku yeye yuko ndani, utakuja kuniambia, na mimi sitakuwa na cha kujibu. Bwana wa mabati ampende akiwa kwenye tundu lake mwenyewe, uzuri hauishi kwa kukaa peke yake.

Sasa swali langu. Nimeuliza tundu liko wapi, umenijibu kimo cha masanduku. Nimeuliza Mama yuko vipi, umeniambia maneno ya chumvi. Mimi nimesoma mpaka la sita tu lakini hesabu hii naiweza. Nyumba ina vyumba viwili. Kimoja mnalala wewe, Rosa na watoto. Kingine ni cha Mama. Jiko ni kibanda cha nyasi, huwezi kuweka ndege huko, moshi utawaua. Barazani kuna paka wa Rosa. Bwana wa mabati naye anasimama robo saa mbele ya tundu, maana yake liko mahali penye dirisha.

Chumba chenye dirisha ni kimoja.

Nijibu, kaka. Usinijibu kwa kamba ya kupimia.

Paska


Koboko, 14 Mei 1989

Kwa Paska.

Salamu nyingi. Barua hii anakuletea Yugu pamoja na Mama, Jumanne, lori likipita.

Vifaranga vilitoka sita. Yule wa buluu aliingia sanduku namba mbili halafu namba nne. Hakikubaki hata kimoja. Najua ulisema. Majike yatataga tena.

Kuhusu Mama. Tundu lilihitaji chumba kikavu na chenye mwanga, kwa hiyo tangu Januari Mama alihamia jikoni kwa muda. Hakunung'unika. Lakini Rosa anapika humo, na Mama yuko humo tangu asubuhi, anaonja chungu, anasema chumvi, anasema kuni mbichi, anahamisha sufuria. Rosa akitoka kuota jua, Mama anamfuata huko na neno jingine. Nikakumbuka maelekezo yako. Wewe mwenyewe uliandika: asiye na mwenzake haketi, anapita mlango kwa mlango, mtoe kwanza kabla ya kitu kingine. Barua ninayo. Nikamsomea Rosa, akasema Paska ana akili.

Kwa hiyo nimemhamishia kwako mpaka ndege wamalize kuzaa. Mpokee vizuri.

Lomoro


Pajulu, 4 Juni 1989

Kaka Lomoro,

Mama amefika. Alikuja juu ya lori, ameketi kwenye magunia ya samaki, na mkeka wake, sufuria moja na kigoda chake. Nimemuuliza amekuja kwa nini. "Nimekuja kutembea," akasema.

"Mama, anayetembea habebi kigoda."

"Matako yangu yamekizoea."

Hajasema zaidi ya hapo, na wala hatasema. Lakini nilifungua mzigo wake nifue. Vitenge vyote vinanuka moshi, hata kile cha kanisani ambacho tangu nizaliwe kinakaa kimekunjwa na sabuni ndani yake. Kikohozi chake nakisikia nikiwa kisimani. Sikuhitaji barua yako, ila niliisoma.

Kwanza nikueleze ulichomfanyia Asiku, maana hukufikiri hata kidogo. Wewe Mkakwa mzima umesahau kwamba mama mkwe na mkwe hawalali chini ya paa moja? Nyumba yetu ina mlango mmoja. Siku ile Asiku alikuwa ndani anakula, Mama akaja akaketi na kigoda chake pale mlangoni kabisa, kupumzisha miguu. Mkwe atampitaje? Alisimama na sahani yake katikati ya nyumba kama mtu aliyefumaniwa. Mwishowe akatoka kwa dirisha la stoo, mguu mmoja, mwingine, halafu nikampokeza sahani.

"Baba Victoria ameenda wapi?" Mama akaniuliza, anatazama ukuta kwa heshima.

"Ametoka."

"Sikumwona kutoka."

"Ndiyo adabu yake, Mama."

Tangu siku hiyo Asiku analala kwa Dramadri, katikati ya tumbaku inayokauka. Anapiga chafya mpaka majirani wanajua saa. Juzi aliniita nyuma ya ghala kama kijana anayeposa. "Mama Victoria," akasema, "mimi sisemi kitu. Nauliza tu kama iko tarehe." Nimeolewa miaka saba, kaka. Sasa naonana na mume wangu nyuma ya ghala.

Pili, maneno yangu. Niliandika juu ya ndege mwenye pua ya kahawia anayeua vifaranga. Huyo hukumtoa, kwa sababu mkubwa amempenda. Ukamtoa mama yako, kwa sababu amesema kuni ni mbichi. Na kuni zilikuwa mbichi, nina hakika, maana Rosa tangu nimjue hajawahi kungoja kuni zikauke. Usiniwekee barua yangu mbele kama amri ya jeshi. Mimi niliandika juu ya tundu, wewe ukaisomea nyumba.

Tatu, ile nyumba. Wewe hukuandikwa kwenye orodha, uliniambia mwenyewe. Aliyeandikwa ni Mama: "Elena, mjane." Nilikuwepo siku ya mabati, nilikishika kidole chake kukipaka wino. Paa lililo juu ya kichwa chako ni lake. Wewe na Rosa ndio wageni wake, na vikasuku ni wageni wa wageni. Hujui hilo? Unalijua. Ndiyo maana miezi minne hukuniambia tundu liko wapi.

Sasa nikuambie na langu, nisije nikaonekana mtakatifu. Siku ya pili Mama alimchukua Mindra mgongoni mwake baada ya chakula cha mchana, akaenda naye kwenye kivuli cha ghala. Nikasema nijinyooshe kidogo. Niliamka Victoria akiwa ameshatoka shule, amekula, anafanya hesabu. Nililala mchana mzima. Tangu Mindra azaliwe sijawahi kulala hivyo. Na kila siku tangu hapo Mama anamchukua, na mimi nalala, na nikiamka maji yameshatekwa. Ningeweza kunyamaza. Ningekuandikia "Mama yuko," na wewe ungefurahi, na mimi ningelala.

Lakini nimemwona jioni anakung'uta mkeka wake, anauliza aukunje wapi usimzuie mtu kupita. Mwanamke mwenye nyumba ya mabati, anauliza akunje mkeka wapi.

Kwa hiyo mrudishie chumba chake. Kisha utaniandikia.

Paska


Koboko, 9 Julai 1989

Kwa dada yangu Paska.

Salamu nyingi, na kwa shemeji pole ya tumbaku.

Maneno yako nimeyapokea yote. Sijajibu upesi kwa sababu ya haya yafuatayo.

Bwana wa mabati ametangaza ukaguzi. Tarehe 25 Julai atatembelea nyumba za wajane. Kila mjane asimame mbele ya nyumba yake na kadi mkononi, na chumba chake kionekane. Asipokuwepo mara mbili, inaandikwa kwamba mabati hayana mwenyewe, yanang'olewa na kupewa mwingine.

Kwa hiyo ninaomba Mama aje tarehe 24, tarehe 26 arudi kwako. Siku moja tu ya kazi. Avae kile kitenge cha kanisani. Rosa atatandika mkeka chini ya tundu ili chumba kionekane kinalaliwa. Ndege siwezi kuwahamisha sasa. Majike matatu yanalalia, mayai kumi na moja, na safari hii nimemtia yule wa buluu kwenye tundu lake kama ulivyosema. Yakianguliwa, mkaguzi ataviona vifaranga siku hiyo hiyo, na orodha ya pili ya mabati inaandikwa mwezi wa tisa. Unaona jinsi mambo yote yanavyokutana.

Nakuomba kama ndugu.

Lomoro


Pajulu, 16 Julai 1989

Kaka yangu,

Tumepokea barua, watoto wazima, kikohozi cha Mama kimelegea.

Nilimsomea barua yako yote, sikuruka hata neno. Alikuwa anachambua maharage. Aliendelea mpaka ungo ukaisha. Halafu akasema, "Siku moja. Hata baba yenu jeshini walimpa likizo siku saba."

Nikamuuliza, "Utakwenda, Mama?"

"Nikasimame mbele ya mlango na kadi, halafu nipande gari? Mimi si bendera."

Basi huo ndio ujumbe wake, na huu ndio wangu. Mama haji kwa ukaguzi. Mama atakuja kulala. Siku utakayoniandikia kwamba kitanda chake kiko ndani ya chumba chake, na tundu limetoka, siku hiyo nitampandisha lori. Kabla ya hapo, hapana, hata akija mkubwa wa mabati wa dunia nzima.

Nisikudanganye juu ya ndege, maana uliniuliza kwa sababu unaniamini. Ukiwahamisha wakiwa wanalalia, majike mengi yatayaacha mayai. Yatapoa na hayataanguliwa. Ukitaka kupunguza hasara, hamisha tundu zima bila kufungua masanduku, asubuhi wakishakula, lifunike kwa kitambaa, lining'inize chini ya upenu wa baraza upande usio na upepo. Zungushia bati sehemu ya chini kuzuia paka. Labda mmoja atarudi kulalia. Labda hakuna.

Kwa hiyo ni mayai kumi na moja na orodha ya pili upande mmoja, na Mama upande mwingine. Najua unavyotaka nyumba yako mwenyewe. Najua ulivyoona haya siku ile waliposema askari wa zamani wakae pembeni, na wewe umesimama na watoto wako kwenye mstari. Sicheki hilo. Lakini nyumba yako haitapatikana kwa kumkunja Mama pamoja na mkeka wake.

Sitaandika tena juu ya jambo hili. Wewe ndiye mkubwa wangu, na hili ni lako la kuamua.

Paska


Koboko, 6 Agosti 1989

Paska,

Sina namba leo.

Tundu liko nje chini ya upenu. Nililihamisha tarehe 23, asubuhi, kama ulivyosema, na kitambaa. Jike mmoja alirudi kwenye sanduku lake. Wawili walikataa. Nilingoja siku tatu, halafu nikayatoa mayai. Yaliyobaki ni matatu na sijui kama yana kitu.

Rosa alipaka chumba udongo mpya. Kitanda cha Mama kilikuwa kimefunikwa na magunia nyuma ya nyumba, mguu mmoja umeliwa na mchwa, nimechonga mwingine. Kiko ndani.

Bwana wa mabati alikuja. Akaona kitanda, akauliza mjane yuko wapi. Nilikuwa nimejitayarisha kusema amekwenda hospitali. Rosa alikuwa amesimama pembeni yangu, akanikanyaga mguu ili niseme. Nikasema, "Mimi nilimtoa." Akaniuliza maana yake nini, nikasema ndiyo hivyo, nilimtoa nikaweka ndege, sasa nimetoa ndege. Akaandika. Atarudi Septemba kuona kama Mama yupo.

Halafu akaomba apewe yule wa buluu. Nilimpa, ndani ya katoni lenye matundu. Nikauliza habari ya orodha ya pili. Akasema orodha inatengenezwa Kampala, yeye hapa anahesabu tu. Akaondoka anampigia mluzi ndani ya gari.

Sikuandika hii kwa sababu ya Septemba. Kuni nimepasua mimi mwenyewe, nimezianika juani.

Mwambie aje.

Lomoro


Pajulu, 19 Agosti 1989

Mpendwa kaka Lomoro,

Barua hii anakuletea Mama mwenyewe. Amekaa mbele na dereva. Nilimwambia Yugu kwamba safari hii Mama si gunia, na akamfukuza mtu aliyekuwa ameketi hapo.

Anakuja na mkeka, sufuria, kigoda, dawa ya kikohozi ya wiki mbili, na kufuli. Kufuli ni la ghala letu. Asiku alilitoa mwenyewe kabla sijaomba, akalipaka mafuta, na sijamwona na furaha kama hiyo tangu aoe. Ni la mlango wa chumba cha Mama. Ufunguo mmoja uko shingoni mwake, wa pili uko kwangu. Ukitaka kuingia, piga hodi. Ukitaka kuweka kitu, hata kama ni gunia moja la mtama kwa usiku mmoja, muulize, na akikataa, basi amekataa.

Kwa Rosa nina neno, na ulisome kwa sauti. Wifi, Mama atasema chumvi. Atasema mpaka afe, na ukishakuwa mama mkwe nawe utasema. Lakini sasa ana chumba chake cha kukaa, hatakuwa jikoni kwako mchana kutwa kwa kukosa pa kwenda. Mpelekee chai huko, uone kama atatoka.

Hayo mayai matatu usiyashike shike. Kama hayajaanguliwa mpaka barua hii ifike, yatoe, uwape majike nafasi wapumzike, usiyatundike masanduku tena mpaka mwakani. Wamechoka. Jike akizalishwa mfululizo anakufa na yai tumboni, na wewe utasema ni shari.

Uliyomwambia yule bwana mbele ya Rosa, nilimsomea Mama. Alikuwa anamfunga Mindra mgongoni. Akasema, "Mtoto huyu alichelewa kutembea pia." Nikamuuliza ni Mindra anamsema. Akakaza fundo.

Asubuhi hii aliniuliza kama nitaweza peke yangu. Nikamwambia Mindra amekua, meno yameisha kutoka, hasumbui. Aliniamini, au alifanya kama ameniamini. Amepanda lori hajageuka, na mimi nimeingia ndani nikisema namalizia barua hii Victoria aikimbize kwake, kwa sababu mtoto ameanza kumlilia, na sijui nimnyamazishe vipi.

Jioni utamsomea barua hii, kama kawaida. Ukifika kipande hicho cha mwisho kiruke. Mwambie tu Paska ameandika kwamba analala.

Mdogo wako,
Paska